Pontuni inavuta mtu wa skii? Tumejaribu mara mbili, Tudor halafu Mtwapa

Haya jamani, naanza na jibu manake najua kuna watu hawasomi mpaka chini. Pontuni ya mapipa mawili yenye mashine ndogo haimnyanyui mtu mzima kwenye skii za maji (zile mbao za miguuni, unateleza juu ya maji huku boti inakuvuta kwa kamba), usidanganywe na mtu. Ya mapipa matatu yenye mashine ya maana inamnyanyua, tena vizuri kuliko nilivyodhania, ila kuna mambo yake. Sasa kama wataka kujua ni mambo gani kaa nikwambie, pesa yangu mimi ishaliwa, angalau yako ipone.

Kwa wasioijua, pontuni sio ile pantoni ya Wabongo ya kuvusha watu Kigamboni. Hii ni kama sebule imewekwa juu ya mapipa marefu ya alumini, makochi yapo, paa la turubai lipo, reli zimezunguka watoto wasianguke, spika, na mashine moja imening'inia nyuma. Wazee wa hapa Mombasa neno wanalijua tangu zamani, daraja la kwanza la Nyali lile la 1931 lilikuwa linaelea juu ya pontuni, likafanya kazi mpaka hili la sasa lilipofunguliwa 1980. Ammi yangu alipoiona hiyo boti mara ya kwanza akaizunguka kwa macho akasema "hili si daraja limekatwa kipande hili?" na ukiiangalia vizuri hajakosea sana.

Ilivyoanza ni hivi. Mpwa wangu kaja likizo mwezi wa nane kutoka Dubai, huko anakofanya kazi kazoea kupiga skii nyuma ya spidiboti, sasa tangu ashuke kwenye ndege ni skii asubuhi skii jioni. Bi mkubwa, mamangu, nae anataka kutembezwa majini lakini spidiboti hapandi, anasema mgongo wake sio wa kurushwarushwa, watoto wanataka tyubu (lile boya la hewa la kukalia, linavutwa nyuma ya boti), na wake zetu wanataka mahali pa kukaa wale bila mchanga kwenye sahani. Nikaona nikodishe boti mbili nna wazimu? Nikapiga simu mahali (jina naliweka, tushamalizana) nikauliza hiyo pontuni yenu yavuta skii? Jamaa akanijibu "kaka, hiyo yavuta hata lori." Hapo ndo ningeshtuka. Mtu anakwambia chombo chake chavuta lori na hajakwambia mashine ni hospawa (nguvu za farasi) ngapi, na mimi bwege sikuuliza.

Tukapandia upande wa Nyali, tukapita chini ya daraja tukaingia ndani ya Tudor kriki, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Watu wazima sita, watoto watatu, nahodha, baharia wake, sufuria la pilau la kulisha matanga na deli la barafu. Sasa kwa kutembea tu, mashallah, sina neno baya hata moja. Ile boti imetulia. Bi mkubwa kashika kikombe cha kahawa chungu safari nzima na hakikumwagika. Ammi alipofika wakati wa adhuhuri kauliza kibla kiko wapi, kasimama kwenye deki kaswali rakaa nne na hakuyumba, rukuu na sijida kama yuko msikitini. Mimi nshapanda mashua nyingi na hilo sijaliona kwengine. Watoto wakatiwa kwenye tyubu, nahodha akaenda nao taratibu kama kilomita 20 kwa saa, wakapiga makelele mpaka sauti zikawakauka. Kama ningerudi nyumbani saa hiyo ningeandika nyota tano na ubani juu.

Halafu ikaja zamu ya skii.

Tatizo la kwanza kamba. Baharia katoa kamba ya nailoni ile ile ya kufungia boti gatini, mwisho kapiga fundo na kipande cha mti, eti ndo mshikio, na upande wa pili anaufunga kwenye reli! Mpwa wangu kakataa kata kata na alikuwa na haki. Ile reli ya pontuni ni bomba jembamba la alumini la kuzuia mtoto asianguke, haikutengenezwa kuvutwa na mtu wa kilo 90 anaepinda kushoto na kulia, inaweza kung'oka ikamfata huko nyuma. Kamba ya skii inafungwa katikati ya nyuma ya boti, kwenye pete ya chuma iliyoshikana na fremu yenyewe, au kwenye lile bomba maalum linalopita juu ya mashine ili kamba isije ikaingia kwenye propela. Na yenyewe iwe kamba ya skii, urefu wake wa kawaida ni kama mita 23, isiyonyumbuka sana. Nailoni inavutika kama mpira, ikikatika au mtu akiiachia inarudi kwa kasi na hapo kwenye boti wamekaa watoto. Bahati nzuri mpwa alikuwa kaja na kamba yake kwenye begi pamoja na skii zake, pete ikapatikana, tukaendelea.

Tatizo la pili ndo kubwa, na hili halina dawa ya kwenye begi. Mashine ilikuwa hospawa 60. Mpwa kaingia majini, kajikunja magoti kifuani, ncha za skii juu, kamba katikati ya skii, kapiga kelele twende. Nahodha kaachia moto wote. Boti ikalia, ikafikiria, ikaanza kwenda. Kwenda kwenyewe ni kule kwa mtu anaetoka karamuni. Mpwa anaburutwa tu, maji yampiga usoni, mikono yanyooka, sekunde tano, kumi, kumi na tano, hanyanyuki wala hazami, kama nanga iliyosahauliwa. Mwisho kaachia. Tukarudi kumchukua, katema maji ya Tudor, na maji ya Tudor wenyeji mnayajua.

Kwa nini hanyanyuki? Nimekuja kuelewa baadae. Mtu wa skii anashikiliwa na mwendo, skii zake zinapanda juu pale maji yanapozipiga kwa kasi ya kutosha chini yake. Mtu mzima kwenye skii mbili anataka kilomita 35 mpaka 45 kwa saa hivi, anaetumia skii moja anataka zaidi ya hapo, mtoto mdogo hata 20 na kitu anasimama. Simu ya mpwa ilituonesha sisi tulifika 24. Lakini hata mwendo wa mwisho sio hoja kubwa kama unavyoondoka. Spidiboti ina tumbo lililotengenezwa ili ikishika kasi ipande juu ya maji iteleze, mapipa mawili yenyewe yanalima maji tu, yanasukuma maji pembeni badala ya kupanda juu yake, kwa hiyo mashine inafanya kazi ya punda na mtu nyuma anakunywa bahari. Ndani ya sekunde chache uwe ushatoka majini, ikizidi hapo mikono inachoka na mchezo umekwisha.

Tukajaribu ujanja. Tukawashusha wanawake na watoto na sufuria (nusu ya pilau ilikuwa ishaliwa lakini bado zito), tukabaki watu wanne ndani ya boti. Mwendo ukapanda mpaka 33. Mara ya tatu mpwa kasimama, wallahi kasimama, tukashangilia kama harambee stars imefunga, kaenda kama nusu dakika hivi, nahodha akapinda, mashine ikavuta hewa ikalia kavu, kasi ikafa, kijana akazama polepole akiwa amesimama wima na amekasirika. Pontuni haijilazi kwenye kona kama spidiboti, inapinda ikiwa bapa, na mapipa yakiachana na maji upande mmoja propela inapata hewa. Ile picha ya mtu anashuka majini mzima mzima kama minara ya msikiti kwenye mafuriko sitaisahau.

Nahodha wenyewe, mzee mmoja wa makamo mpole sana, akanivuta pembeni akanambia "mwanangu, hii ni ya kutembeza watu. Mimi nliwaambia wasiseme skii." Nikamwambia mzee wangu wewe huna kosa. Na hana. Kosa ni la yule wa lori.

Basi nikaanza kusoma mambo ya hizi boti, manake nlitaka kujua kama kitu chenyewe hakiwezekani au mimi ndo niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kumbe pontuni na skii za maji zote mbili zimezaliwa mkoa mmoja, Minnesota huko Marekani, kwenye nchi ya maziwa. Skii ni kijana wa miaka 18 anaitwa Ralph Samuelson, 1922, ziwa Pepin, kajaribu mbao za mapipa, kajaribu skii za theluji, akizama tu, mpaka alipotengeneza mbao zake mwenyewe na kugundua lazima ujilaze nyuma ncha za skii zitoke juu ya maji. Pontuni nae ni mkulima Ambrose Weeres, 1952, kachukua mapipa ya chuma kayaunga kwa kuchomelea, kapachika deki ya mbao juu, kaweka ziwani. Yaani miaka 30 imepita kati ya hivyo vitu viwili na aliyetengeneza cha pili alikuwa anafikiria watu kukaa. Kukaa! Tena kwenye ziwa ambalo halina bamvua (maji makubwa ya kujaa na kupwa), halina kusi (upepo mkali wa kusini), halina chumvi. Nikaona aa, basi hapa ndo penyewe, sisi tumechukua kitu cha ziwa tumekileta bahari ya Hindi mwezi wa nane kusi imechachamaa halafu tunakilaumu.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa kwanza, mpwa karudi kwenye harusi ya dadake, na mimi sasa nna akili. Nikatafuta mtu mwengine, Mtwapa, na maswali yangu nikayaandika kwenye karatasi. Mapipa mangapi? Matatu. Mashine? Hospawa 150. Pete ya kuvutia ipo? Ipo. Nani anaangalia nyuma? Baharia. Huyu hakunambia habari ya lori, alinambia "ukija na watu zaidi ya sita mambo ya skii sahau." Nikampenda hapo hapo.

Na saa tukachagua wenyewe. Msimu wa kaskazi, asubuhi, kabla upepo haujaamka, Mtwapa kriki inakuwa kama kioo, mikoko huku na huku inakinga, na tulienda siku za maji mafu (yale yasiyojaa wala kupwa sana) maji yakiwa yamejaa, kwa sababu kwenye bamvua yale maji yanavyotoka na kuingia kwenye kriki ni mto, na yakipwa fungu la mchanga linakuja juu na mizizi inakuja juu. Mtu wa skii akianguka kwenye maji ya magoti hapo hakuna mchezo tena, ni hospitali. Saa tatu asubuhi tukaanza, saa tano tushamaliza, upepo ulivyoanza kusukuma vijimawimbi sisi tunakula viazi karai.

Tofauti? Usiku na mchana. Pipa la tatu la katikati linabeba uzito, na kwenye hii boti mapipa yote yalikuwa na vile vibati vilivyochomelewa ubavuni, kazi yake ni kunyanyua boti ikishika kasi ili ipande juu ya maji badala ya kulima. Nahodha kaachia moto, pua ikanyanyuka kidogo ikatulia, mpwa huyo katoka majini mara ya kwanza tu kama kasukumwa na jini. Kilomita 40 kwa saa na mashine haijafika hata mwisho, bila mtu wa kuvuta ilipita 50. Kazunguka robo saa nzima, kapita kushoto kapita kulia.

Na hapa nikwambie kitu kimoja ambacho hata mimi kilinishangaza. Mawimbi inayoyaacha nyuma pontuni ni madogo, bapa. Kwa wale wa kile kibao kimoja cha kurukia mawimbi hiyo ni hasara, wao wanataka wimbi kubwa wapae. Lakini kwa skii ndo raha, unavuka mkia wa boti bila kurushwa, na kwa mtu anaejifunza ni bora zaidi. Nimejua manake na mimi nilijaribu, miaka 43 na kitambi, na mara ya sita nilisimama. Sekunde ishirini. Video ipo, mke wangu kaituma kwenye grupu la familia kabla sijakauka maji.

Ila isiwe nasifu tu. Kona bado ni shida hata kwa mapipa matatu, lazima nahodha apinde kwa duara kubwa kubwa, na Mtwapa kriki sio pana kiasi hicho, kuna mitumbwi ya wavuvi na nyavu zao na boti zimetia nanga, kwa hiyo ukienda moja kwa moja muda sio mrefu ushafika mwisho unageuza. Mara mbili tulipunguza mwendo kabisa kumpisha mzee na mtumbwi wake na mara zote mbili mpwa alizama, na ni sawa, yule yuko kazini sisi tuko kwenye mchezo. Kumchukua alieanguka nako ni kazi, deki iko juu na ubavu uko wazi kwa upepo, ukisogea vibaya unasukumwa juu ya mtu. Na ngazi mara nyingi iko nyuma, karibu na propela. Huyu nahodha wa Mtwapa kila mara alikuwa anazima mashine kabisa, sio kuweka nyutro, kuzima, ndo anamwambia panda. Yule baharia wa Tudor alikuwa anamwita mpwa aje huku mashine inanguruma, sikulijua hilo mpaka nlivyoona mtu anaejua.

Pia kuna lile jambo la kuangalia nyuma. Nahodha anaangalia mbele, lazima awepo mwengine macho yake yako kwa mtu wa skii tu, na wote mjue ishara kabla hamjaanza. Dole gumba juu ongeza, chini punguza, mkono unapita shingoni zima, kupiga kichwa turudi. Ukianguka ukiwa mzima nyanyua mikono watu waone. Kwenye pontuni hili ni gumu kidogo kwa sababu ya makochi na paa na shangazi wamesimama katikati wanapiga selfi, kwa hiyo mwambie kila mtu akae. Na wasikae pale kwenye kibaraza cha nyuma juu ya mashine ikiwa inafanya kazi, moshi wa pale unalewesha na unaua. Laifjaketi kila mtu, hata anaejua kuogelea, hata ammi aliesema yeye kazaliwa majini (kazaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, nchi kavu).

Kuna jamaa aliniuliza kama anunue yake aweke Mtwapa akodishe. Sikatai, lakini alumini na maji ya chumvi sio marafiki. Lazima ziwepo zile zinki zinazoliwa badala ya chuma chenyewe, uzibadilishe zikiisha, uioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka, na ukiiacha majini wiki kadhaa vile vijidude vya bahari vinagandia mapipa na mwendo wenyewe ulokuwa nao unakwisha. Halafu mlangoni pa kriki huko nje kwenye mwamba usiipeleke na mtu wa skii nyuma, mawimbi ya bahari wazi yataingia chini ya deki yaipige kama ngoma.

Kwa hiyo nyota. Ile ya Tudor kama boti ya kutembeza familia nampa nne, kama boti ya skii nampa moja, na hiyo moja ni ya nahodha kwa ukweli wake. Ya Mtwapa nampa nne kwa skii, ya tano nimeikata kwa sababu kwa mtu alozoea spidiboti bado kona zinamuudhi, mpwa kasema ni kama kuvutwa na basi la abiria, unafika ila hupindi. Bei ilikuwa juu, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na mashine kubwa inakunywa mafuta, uliza mapema kama mafuta yamo kwenye bei au ni juu yako. Kwangu yalikuwa juu yangu na nilijua nikiwa nshavaa laifjaketi.

Bi mkubwa safari hii hakuja kwa sababu ya ile hesabu ya watu sita, na bado hajanisamehe. Ashaniuliza mara tatu ile boti ya pilau tutaipanda lini tena, nimemwambia mama, hiyo nitaikodi, lakini skii za mjukuu wako zinabaki nyumbani.